Mwaka wa Kamba za Magadi

Mzee Salimu alizikwa saa saba mchana, na kabla hata watu hawajamaliza kunawa mikono wakitoka makaburini, turubai la msiba lilikuwa limeshalegea. Nilikuwa nimekaa na kina mama kwenye mkeka, kitenge kichwani, macho mekundu, na badala ya kumwombea marehemu kama mtu mwenye adabu zake nikajikuta naangalia kamba. Vijana walikuwa wamefunga nailoni nyeupe, ile laini ya kung'aa. Waliikaza asubuhi ikiwa kavu, manyunyu ya Dongobesh yalipoanza ikalowa, ikavutika, katikati ya turubai kukafanya bonde na maji yakajaa. Nikasema moyoni, jamani, msiba wa muuza kamba, na hakuna hata mmoja hapa anayejua kufunga kamba! Nikacheka peke yangu. Mama wa pembeni akanigeukia, nikakigeuza kicheko kuwa kikohozi. Kule kwenye kona ya mbali, mwanamume mwenye mvi alikuwa ameinama anahangaika na kigingi kilichong'oka. Nilipomtambua kuwa ni Boay, yule wa punda, ambaye siku hizi analima Masakta, nikampungia mkono. Naye akanipungia. Tangu zamani mimi na yeye tulisalimiana hivyo hivyo, kwa mbali na kwa haraka.

Nina deni la shukrani kwa watu wengi wa mwaka mmoja, na mwaka huo ni ule wa mvua za El-Nino. Wakati huo tulikuwa bado tunahesabiwa Arusha. Manyara lilikuwa jina la ziwa, mkoa ulikuja baadaye. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo yangu yalikuwa ya kuficha chini ya godoro, basi nikapata kazi ya kuuza dukani kwa Mzee Salimu, hapo hapo Dongobesh. Alikuwa Mrangi kutoka upande wa Kondoa, aliyefika Mbulu ujanani akiwa utingo wa lori, akaona baridi, akaona ardhi, akashuka na hakupanda tena. Nililala stoo, nyuma ya duka, chumba chenye dirisha la ukubwa wa sahani. Kulia kulikuwa na magunia ya vitunguu, kushoto madebe ya mafuta ya taa, na juu ya kichwa changu, kwenye misumari, zilining'inia kamba za kila aina: katani, nailoni, plastiki ya bluu, vipande vya mpira wa tyubu. Mpaka leo nikisikia harufu ya katani mpya napata njaa, kwa sababu harufu ile ilichanganyika na maandazi ya Mama Zuhura, mkewe, aliyeyakaanga alfajiri upande wa pili wa ukuta wa mbao. Mimi Mkristo wa kutoka vilimani nilifunga nao nusu nusu mwezi wa Ramadhani ulipofika. Jioni nilikaa kwenye futari pamoja na familia, uji wenye pilipili manga, viazi na maharage. Mchana Mama Zuhura aliniita jikoni kwa sauti ya kugomba, "Paska, njoo uoshe hivi vyombo!" na ndani ya chombo chenyewe nilikuta amenifichia ugali na maziwa ya mgando. Sijawahi kula chakula kilichonifanya nijione mtoto wa watu namna ile.

Ukuta ule wa mbao ulisema mengi. Kwenye kibaraza cha duka wanaume walikaa wakisubiri mvua ipungue, na mazungumzo yao yaliingia stoo kama yalivyo. Walikumbushana miaka ya foleni, ambapo mtu aliamka na kuacha jiwe lake kwenye mstari wa sukari, na ukipata kipande cha sabuni ulikinusa kwanza kabla ya kukiweka mfukoni. Sasa ilikuwa ruksa. Kila kitu kilikuwepo, kutoka Nairobi, kutoka Dubai, kutoka sijui wapi, na tatizo likawa kuchagua. "Zamani tulikuwa na kamba moja na tulijua kuifunga," alisema mmoja. "Siku hizi tuna kamba kumi, ng'ombe wanapotea." Wakacheka. Mara nyingine nilisikia habari zangu mwenyewe. Nilimsikia Mama Zuhura akisema, "Yule binti ana kichwa kigumu, Baba Zuhura." Nikasikia kikombe cha Mzee kikiwekwa chini. "Mwache nacho," akasema. "Kuna kazi zinataka kichwa kama hicho." Nilijifunika blanketi nikiwa na hasira na furaha kwa pamoja.

Kazi yenyewe ilikuja baada ya Idi. Sista Felista, nesi mkuu wa zahanati, mwanamke mrefu mwenye saa kubwa ya kiume mkononi, aliingia dukani viatu vikiwa vimejaa tope, akakaa kwenye gunia bila kukaribishwa. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaeleza shida yake. Surua ilikuwa imeanza kule bondeni, Yaeda Chini, na njia ya gari ilikuwa imekatika kwa mvua. Angeshuka kwa miguu, na punda wawili tu, wa Boay. Punda mmoja angebeba boksi la barafu lenye chanjo, na wa pili angebeba vyote vilivyobaki: unga, chumvi, sufuria, madaftari, blanketi. Lile turubai la zahanati la kitambaa kizito lilikuwa mzigo wa punda mzima peke yake. "Nataka kitu chepesi cha kutupa kivuli na kutuzuia mvua," akasema. "Na nataka mtu anayejua kuandika vizuri, atakayejaza kadi na kusimamia kambi." Akanitazama. "Wewe Paskalina, huna pa kwenda?" Nikasema sina. "Basi twende. Ukifanya vizuri, nitakuandikia barua ya chuo cha uuguzi. Ninao watu pale, na barua yangu wataisoma kabla ya kuangalia cheti chako. Ukiharibu, utarudi kuuza vitunguu." Hivyo tu. Kwa mtu mwenye matokeo yangu, barua ile ndiyo ilikuwa mlango pekee, na nilijua, na yeye alijua kwamba najua.

Turubai tulilipata kwenye mitumba. Ndani ya robota moja la makoti Mzee Salimu alikuwa amekuta kitambaa kikubwa cha kijivu, chembamba kama cha mwavuli, chenye pete ndogo za chuma kwenye kingo. Miezi miwili kilikaa dukani, mmoja akasema ni pazia, mwingine parachuti. Ukikikunja kinaingia kwenye sufuria ya uji. Mzee alikitandaza uani, akamwaga ndoo ya maji juu yake, na chini pakabaki pakavu. "Hiki ndicho," akasema. Lakini kamba zake zote zilikuwa zimekatwa huko kilikotoka, zimebaki nywele nywele kwenye pete. Ndipo Sista Felista alipoondoka akaniachia mimi kazi ya kutafuta kamba. Huwezi kuamini fahari niliyoiona. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilikuwa nimepewa madaraka.

Mzee Salimu hakuniambia nichague ipi. Alichukua kamba za aina nne, akakata urefu sawa, akazitundika kwenye boriti ya ua, na kila moja akaining'inizia jiwe lenye uzito sawa na la mwenzake, tuliyapima kwenye mizani ya duka. Akaweka alama ya mkaa ukutani pale kila jiwe lilipoishia. Halafu akanipa kopo la maji. "Mwagia. Njoo uangalie asubuhi, halafu uangalie jua likiwaka." Asubuhi jiwe la nailoni lilikuwa limeshuka kiganja kizima. La katani lilikuwa limepanda. La plastiki ya bluu lilikaa pale pale, ila fundo lake lilikuwa limeteleza nusu. Na la nne, kamba ya kusukwa ya rangi ya chungwa, nyembamba kama kamba ya kiatu, iliyokuja kutoka Nairobi katika bunda dogo, lilikuwa pale pale na fundo lake limeng'ata. Mzee alizipima kwa mizani pia zikiwa zimelowa. Katani ilikuwa imekunywa maji na kuwa nzito mara mbili. Ile ya chungwa ilikuwa kama haijaguswa. Alinionyesha fundo la kufungia mzigo wa lori, unalolisukuma kwa vidole kukaza, unalirudisha kulegeza, na halihitaji kufunguliwa. Nililirudia mpaka ngozi ya vidole ikachubuka.

Mtu mwenye akili angekuwa ameshachagua. Lakini mimi nilikuwa na kichwa changu. Ile ya chungwa niliidharau kwa wembamba wake na kwa rangi yake, niliona ni kitu cha mchezo. Kwetu kamba ni katani, kamba unayoiona kwamba ni kamba. "Hii ikilowa inajikaza," nikamwambia Mzee, "turubai litazidi kunyooka." Akajibu, "Itajikaza mpaka ing'oe kigingi au ikate pete. Halafu itaoza." Nikamwambia haitaoza, ninajua la kufanya. Akakuna kidevu. "Sawa, binti. Wewe ndiye utakayekaa chini yake." Wala hakununa. Nilichokuwa ninajua ni hiki: kwetu vilimani, kamba ya kufungia paa la ghala inalowekwa usiku kucha kwenye maji ya magadi yaliyokolea, inaanikwa mpaka inakuwa na unga mweupe, na mchwa hawaigusi wala haiozi. Bibi yangu alifanya hivyo, nami nimeona kamba zake zikidumu miaka. Nikaloweka katani zangu kwenye ndoo nyuma ya stoo, nikazianika, zikakauka zimekakamaa, nikazitazama nikajisifu.

Asubuhi ya safari Boay alikuja na punda. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mwenye mke na watoto wanne, mpole, mwenye sauti ndogo, na koti la mvua la jeshi alilolipenda kuliko vyote, halimtoki mwilini. Kwa umri wake nilipaswa kumwamkia shikamoo kila siku. Sikuwahi. Yeye hakusoma, alinuka punda, na mimi nilikuwa na cheti, hata kama kilikuwa chini ya godoro. Nilimwambia "habari za asubuhi" kama mtu wa rika langu, naye akaitikia "nzuri" bila kinyongo. Alipokuwa anapanga mizigo akaziinua kamba zangu, akazinusa. "Dada, hizi zinanukia magadi," akasema taratibu. "Huko tunakokwenda..." Sikumwacha amalize. "Wewe chunga punda," nikamwambia, "kamba niachie mimi." Sista alikuwa ndani anaaga. Boay akanitazama, akaziweka kwenye gunia, akasema amesahau kitu dukani, tumsubiri kidogo. Alirudi amevaa mfuko mtupu wa mbolea kichwani na mabegani, ameukata upande mmoja ukawa kama kofia ndefu. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Sista akamuuliza koti liko wapi. "Linanibana nikitembea mteremko," akasema. Tukaondoka kwenye manyunyu, mimi nikiwa bado nacheka.

Tulishuka siku mbili. Usiku wa kwanza tulilala kwenye jengo la kanisa, kwa hiyo turubai halikufunguliwa, na kamba zangu zilikaa kavu ndani ya gunia. Siku ya pili jua lilitoka. Yaeda Chini ilikuwa imejaa maji, mbuga yote iking'aa, na ile ardhi nyeupe ya magadi ambayo mifugo huilamba kila mwaka ilikuwa imezama. Niliiona hivyo kwa macho yangu na nikasema, "Tazameni kulivyo kuzuri!" Tulipata mahali palipoinuka, nikafunga turubai mwenyewe, fundo la lori kila kona, likanyooka likawa zuri jamani, mpaka Sista akasema, "Safi, Paskalina." Tukaweka boksi la barafu katikati ya kivuli. Habari zetu zilikuwa zimetutangulia, kina mama wakaanza kufika kutoka pande zote, Wadatoga kwa nguo zao za ngozi na bangili, Wahadzabe wachache waliokaa kando kwanza kutuangalia, Wairaqw wa bondeni, wote na watoto. Wengine walikuwa wametembea tangu alfajiri. Boay alitafsiri, mimi nikaandika majina, Sista akachoma sindano, watoto wakalia. Nilijiona nimefika.

Ng'ombe walikuja kama saa saba. Kundi lilikuwa linapita tu na mchungaji wake, mzee wa Kidatoga mwenye fimbo ndefu. Dume moja jeusi likasimama, likanyoosha shingo, likalamba kamba ya kona. Nikaona ni kichekesho, nikalifukuza kwa daftari. Likarudi, na wenzake wawili, halafu sita. Hawakulamba tena, walitafuna. Mchungaji alipiga kelele, Boay alipiga kelele, mimi nilivuta mkia wa ng'ombe nisiyemjua, na ng'ombe wakavuta kamba kama wanagombea mwali. Kigingi cha kwanza kikatoka, cha pili kikafuata, na turubai likatuangukia wote, mama, watoto, Sista, daftari. Katika kukurupuka mtu akalipiga boksi teke. Nilipojitoa chini ya kitambaa nililiona limelala ubavu, kifuniko kule, chupa za chanjo zimetawanyika kwenye tope na jua linaziwakia. Sista Felista alikuwa tayari kwa magoti, anazifunika kwa khanga aliyoichovya kwenye dimbwi, anazirudisha moja moja kwenye barafu. Nyingi aliziokoa. Zile alizokwisha kuzifungua alizimwaga. Watoto kama ishirini walikuwa bado hawajachanjwa.

Mchungaji aliokota kipande cha kamba, akakilamba, akacheka, akamwambia Boay maneno. "Anasemaje?" akauliza Sista. Boay akasita. "Anasema ng'ombe wake hawajaonja magadi tangu mvua ianze. Anasema kamba zetu zina chumvi." Sista akasimama. "Chumvi imetoka wapi?" Macho yake yakaenda kwenye gunia la punda wa pili, ambamo kamba na mfuko wetu wa chumvi vilisafiri pamoja. "Boay! Nilikuambia ufunge ule mfuko vizuri!" Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Nikaona barua, nikaona vitunguu, nikaufunga. Boay hakunitazama hata kidogo. "Labda ulivuja, Sista," akasema. "Watoto hawa wakifa kwa surua nitawaambia mama zao ulivuja?" Sista akafoka mbele ya watu wote. "Kesho uchukue punda wako urudi Dongobesh. Nitatafuta wengine hapa hapa." Boay akasema, "Sawa, Sista." Halafu akaenda kwenye tandiko la punda, akaingiza mkono ndani kabisa, akatoa bunda la kamba ya kusukwa, nyembamba, ya rangi ya chungwa, imeshakatwa vipande, ncha zimeunguzwa kwa moto zisifumuke. "Zilikuwemo humu," akasema. "Nadhani ni Mzee Salimu." Tukazifunga pamoja, yeye na mimi, kimya. Kina mama wa watoto waliobaki waliambiwa warudi kesho asubuhi, chanjo zikishapoa tena, wakaondoka na watoto mgongoni bila kutugombeza, na hilo ndilo lililoniumiza kuliko kugombezwa.

Mchana ule wote niliandika upya kadi zilizochafuka tope, bila kuziona. Jioni Boay alisonga ugali, tukakaa kuzunguka sufuria, maharage na majani ya kunde. Sista alinawa, akamega tonge. Mimi sikugusa chakula. Nikasema, "Sista, chumvi ni mimi. Nililoweka kamba kwenye magadi. Mfuko haukuvuja." Nilisema haraka hivyo hivyo nikiangalia moto. Sista akaangalia saa yake kubwa. "Umekaa na neno hilo tangu saa saba?" Nikasema ndiyo. "Kwenye wodi, ukimpa mgonjwa dawa ambayo siyo, ukanyamaza kuanzia saa saba mpaka saa kumi na mbili, mgonjwa amekufa. Unaelewa?" Nikasema naelewa, na machozi yakanitoka, hayakuwa ya kujihurumia. Akamgeukia Boay. "Nisamehe, Boay. Huondoki." Boay akasema, "Yameisha, Sista," akanisogezea bakuli la maharage. "Kula," Sista akaniambia. "Habari ya barua tutaongea tukirudi." Nikala.

Kesho yake kina mama walirudi. Nilisimama juu ya jiwe nikiwahesabu wakitokea kwenye majani mmoja mmoja, na mama wa mwisho, Mdatoga mwenye mapacha, alipojitokeza karibu na saa nne nilimkimbilia na kumbeba mtoto mmoja. Tulizunguka bondeni wiki tatu, tukiletewa barafu mpya kutoka zahanati. Mvua ilirudi, tena ya kuchapa, na zile kamba za chungwa hazikulegea wala kujikaza, hazikuzidi uzito, na kwa rangi yake hakuna aliyejikwaa. Boay alitembea mvua yote ile na mfuko wake wa mbolea, maji yakimwingia shingoni, akikohoa. Mara mbili nilimtania bado. Tuliporudi Dongobesh nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee Salimu, nikapiga magoti, nikamshukuru kwa kunifichia kamba. Akacheka. "Mimi nauza, binti, sigawi." Nikaona ni unyenyekevu wake. Kila mwaka niliporudi likizo, na baadaye nikiwa nesi kamili, nilimletea sukari au kanzu na kumshukuru tena, na kila mara jibu lilikuwa lile lile. Sista naye aliandika barua. Bahasha haikugundishwa vizuri, basi niliisoma njiani, Mungu anisamehe. Ilikuwa na mistari mitatu, na wa mwisho ulisema: "Akikosea anasema mwenyewe, ingawa huchelewa kidogo." Kwa mstari ule nimefanya kazi wodini maisha yangu yote, na nimejitahidi nisichelewe.

Haya yote niliwasimulia kina mama pale msibani, tulipoingia ndani kumpa pole Mama Zuhura. Sasa ni bibi, macho hayaoni vizuri, ila sikio lake ni lile lile. Nilisema marehemu alikuwa mtu wa namna gani, kwamba aliniona nakosea, hakunifedhehesha, akanifichia kamba za kuniokoa. Kina mama wakaitikia kwa huzuni. Mama Zuhura akafuta pua kwa ncha ya mtandio. "Paska mwanangu," akasema, "Mzee wangu alikuwa na mema mengi, usimwongezee la mwenzake. Zile kamba alichukua Boay." Nikamwambia hapana mama, Boay alisema ni Mzee. "Nilikuwa nimesimama hapo hapo dukani. Aliingia mbio, akasema, yule binti ameweka magadi kwenye kamba, nipe zile nyembamba. Mzee akamwambia chukua tu, ni za msafara. Boay akakataa, akasema hili nalitaka liwe langu. Akavua koti lake akaliacha kwenye meza liwe malipo. Lilikaa kwenye msumari mpaka mliporudi, Mzee ndiye aliyelazimisha alichukue."

Nilitoka nje bila kuaga. Manyunyu yalikuwa yanaendelea. Boay alikuwa bado kwenye ile kona, ameshafungua nailoni zote za upande wake, na begani ana bunda la kamba ya kusukwa alilolitoa kwenye rafu za dukani. Nilisimama mbele yake, mwanamke mzima mwenye wajukuu. "Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza. Akanyanyua uso. Hakuuliza ninazungumzia nini. "Nilikuambia," akasema. "Ukaniambia nichunge punda." Nikasema siyo hilo, siku ile mbele ya Sista, kwa nini ulikubali? Akavuta fundo, akalijaribu kwa kidole. "Sista angenifukuza mimi, ningerudi na punda wangu. Angekufukuza wewe, ungerudi na nini?" Alisema kama anayetaja bei ya mahindi. Miaka yote hiyo nilikuwa nimepeleka sukari yangu nyumba ambayo siyo, na yule mzee dukani alinirudishia shukrani zangu kila mara, nami sikusikia.

Niliinamisha kichwa, mkono wangu wa kulia nikaushika kwa wa kushoto, kama tunavyofundishwa kwetu kabla hatujajua kuhesabu.

"Shikamoo, kaka Boay."

Aliniangalia, mvua ikimdondoka kwenye nyusi, mdomo ukitaka kucheka.

"Marahaba," akasema, akaninyooshea ncha ya kamba. "Shika huku, uvute."